Boxer ya mkononi kabla ya msimu wa korosho: ninunue sasa au nisubiri?

Swali: Niko Tandahimba. Nimeweka akiba ya 1,800,000 na nataka pikipiki ya Boxer 150 iliyotumika, nifanye bodaboda na kubeba mizigo wakati wa msimu. Sasa ni Agosti. Nimepata moja ya miaka mitatu, mwenyewe anataka 1,700,000 na anasema ikifika Oktoba haitoki chini ya milioni mbili. Shemeji yangu ananiambia nisubiri Januari, watu wakibanwa na mambo ya shule nitaipata kwa bei ya chini. Nimsikilize nani? Na nitajuaje kama 1,700,000 ni bei halali?

Jibu:

Ndugu yangu, wote wawili wana ukweli wao, lakini hakuna hata mmoja aliyekuambia ile pikipiki ina thamani gani. Msimu unaweza kukuongezea au kukupunguzia laki moja au mbili. Injini iliyomeza mchanga, au kadi yenye jina la mtu mwingine, inaweza kukumalizia akiba yote. Nitaanza na msimu kwa sababu ndio ulioulizia, halafu tukae zaidi kwenye chuma na karatasi.

Huku kusini bei ya pikipiki hufuata pesa ya korosho. Minada huanza Oktoba, kwenu chini ya TANECU, chama kikuu cha ushirika, na upande wa Masasi na Mtwara chini ya mwenzake MAMCU. Lakini bei ya pikipiki haipandi siku ya mnada. Mkulima anapeleka korosho AMCOS, yaani chama cha ushirika cha msingi, zinakwenda ghala kuu, zinanadiwa, mnunuzi analipa, ndipo pesa inaingia kwenye akaunti ya mkulima. Katikati hapo zinapita siku, wakati mwingine wiki. Bei za pikipiki huchemka pale watu wanapoanza kutoka benki, si pale bei ya mnada inapotangazwa redioni. Kwa hiyo anayekuharakisha Agosti anakuharakisha mapema mno. Una Septemba nzima na sehemu ya Oktoba.

Isitoshe, hiyo milioni mbili yake haina mdhamini. Mwaka 2018 wakulima walikataa bei za mnada, Serikali ikaamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wengi wakasubiri malipo kwa sababu ya uhakiki. Mwaka wa namna hiyo, mtu aliyeshikilia pikipiki akingojea bei ya msimu hubaki nayo uani.

Shemeji yako naye yuko sahihi kwamba bei hushuka baadaye, ila Januari si mwisho wa kushuka. Wengine bado wanalipwa korosho za minada ya mwisho. Pesa huadimika zaidi kifuku kikishakolea, kuanzia Machi, mpaka wakati wa palizi na salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, mkulima anapotafuta hela ya vibarua kabla mkorosho haujatoa maua. Hapo ndipo mtu anauza pikipiki kwa lazima.

Lakini kuna jambo shemeji hajakuambia. Pikipiki inayouzwa Februari au Machi ndiyo kwanza imetoka msimu. Gunia la korosho ni kilo 80 hivi. Magunia mawili na dereva wake ni zaidi ya kilo 200, kwenye mchanga wa Makonde, mara kadhaa kwa siku, miezi mitatu mfululizo. Shokamzoba, spoku za nyuma, klachi na cheni vyote vimechoka kwa pamoja. Bei imeshuka kwa sababu mbili, na moja ya hizo sababu utakwenda kuilipa kwa fundi. Pikipiki ya Agosti, kwa kawaida, imepumzika kidogo.

Sasa pima gharama ya kusubiri kwa hesabu. Tuseme bodaboda ikubakishie 8,000 kwa siku baada ya mafuta, oili na akiba ya matengenezo. Ukifanya siku 25 kwa mwezi, kuanzia Septemba hadi mwisho wa Februari ni siku 150, sawa na 1,200,000. Ukisubiri Machi ili uokoe 200,000 au 250,000 kwenye bei, umekula hasara. Badilisha hiyo 8,000 kwa kipato halisi cha kijiwe chenu, waulize madereva watatu, lakini hata ikiwa 4,000 jibu halibadiliki. Ingekuwa unataka pikipiki ya kwendea shamba na msikitini tu, ningekuambia subiri Machi bila wasiwasi, maana siku za kusubiri zisingekugharimu kitu. Wewe unataka ya kazi, na msimu ndio wenye kazi. Basi nunua kabla ya msimu, ila kwa bei yako na si kwa bei ya hofu.

Bei yako inapatikana hivi. Tafuta kwanza bei ya Boxer 150 ya umri ule ikiwa safi kabisa, haidai kitu. Usichukue bei zinazotajwa na wauzaji. Tafuta zilizolipwa kweli. Waulize mafundi wawili na madereva wawili watatu, "Fulani alipouza yake, alipokea ngapi mkononi?" Tuseme wanakupa 1,900,000. Kutoka hapo ondoa gharama ya kila kasoro utakayoikuta, kwa bei ya duka la vipuri la pale pale Tandahimba pamoja na ufundi. Ondoa gharama ya kuhamisha umiliki. Kisha ondoa asilimia 10 kwa ajili ya kasoro ambazo jicho halitaziona. Kinachobaki ndicho kikomo chako.

Mfano, weka tarakimu za kwenu: cheni seti 45,000, tairi la nyuma na tyubu 75,000, beringi za shingo 20,000, betri 40,000, breki shuu za mbele na nyuma 20,000, ufundi 40,000. Jumla 240,000. Kuhamisha umiliki na wakili, tuweke 100,000. Asilimia 10 ya 1,900,000 ni 190,000. Kikomo ni 1,370,000. Anayetaka 1,700,000 kwa pikipiki hiyo anakuomba 330,000 za bure.

Hata isipokuwa na kasoro yoyote, kikomo ni 1,610,000, bado chini ya anachotaka. Lakini muuzaji akikubali gharama za kuhamisha umiliki ziwe zake, kikomo kinafika 1,710,000, na bei yake inakuwa halali. Ndiyo maana swali la nani analipa TRA linatakiwa kuulizwa mapema, kabla hamjavutana kwenye bei.

Hicho ni kikomo cha pikipiki. Mfuko wako nao una kikomo chake. Una 1,800,000, na baada ya kununua utahitaji bima, leseni ya LATRA, leseni yako ya udereva daraja A kama bado huna, kofia mbili, oili mpya, na akiba ya siku injini ikigoma. Usibaki na chini ya 300,000. Maana yake usitoe zaidi ya 1,500,000, iwe pikipiki safi namna gani. Fuata kikomo kilicho kidogo kati ya hivyo viwili.

Twende kwenye chuma chenyewe. Nenda saa kumi na mbili asubuhi, na umwombe muuzaji usiku wake asiiwashe. Ukifika, kabla ya mazungumzo, weka kiganja kwenye silinda. Ikiwa ya moto, imewashwa mapema ili usione inavyosumbua kuwaka. Rudi siku nyingine. Ikiwa ya baridi, zima swichi, sukuma kiki chini polepole kwa mkono. Unatakiwa kuhisi inakataa, inakusukuma, kisha inaachia. Ikishuka laini kama pampu ya baiskeli iliyotoboka, mgandamizo umekwisha.

Iwashe, mtu asimame nyuma ya ekzosi. Moshi wa bluu unaotoka mara moja ikiwaka kisha ukakoma, mara nyingi ni mipira ya valvu iliyokauka, kazi ndogo. Moshi wa bluu unaoongezeka kila ukivuta mafuta ni ringi na silinda, na hapo injini inashushwa. Moshi mweusi ni petroli nyingi: kabureta au filta iliyoziba, usikutishe.

Kipimo kimoja ambacho wanunuzi wengi wa kwetu hawakifanyi, na nakuomba usikiache: fungua kifuniko cha pembeni, toa filta ya hewa. Filta yenyewe kuwa na vumbi si tatizo, kazi yake ndiyo hiyo. Zungushia kidole kitambaa cheupe, ukiingize kwenye mpira unaotoka kwenye kasha la filta kwenda kabureta, upande ambao hewa ilitakiwa kuwa imeshachujwa. Kitambaa kikitoka kisafi, au na ukungu kidogo wa oili, sawa. Kikitoka na vumbi laini la rangi ya udongo, injini hiyo imekuwa ikivuta mchanga, ama filta ilichanika, ama mtu aliitoa akidhani pikipiki itapata nguvu zaidi, ama mpira umepasuka. Mchanga ukifika kati ya ringi na silinda unafanya kazi ya msasa. Leo inaweza kuwa haitoi moshi, lakini miezi michache ijayo itatoa. Weka bei ya bloku na pistoni mpya kwenye hesabu, au achana nayo.

Oili: fungua kifuniko cha oili, chovya kijiti kisafi, dondoshea tone kwenye kitambaa hicho hicho, litazame juani. Nyeusi ni kawaida. Yenye rangi ya chai ya maziwa imeingia maji. Yenye chembe zinazometa ina chuma kinacholika ndani, na hiyo usiinunue kwa bei yoyote. Oili mpya kabisa, inayong'aa, iliyowekwa jana, nayo ina swali lake: muulize aliyopita ilikuwaje na aliibadilisha kwa fundi gani, kisha nenda kwa huyo fundi.

Ikishapata moto, sikiliza. Mlio mwepesi wa tik-tik juu ni tapeti, zinarekebishwa. Mlio wa mnyororo unaokwaruza upande mmoja wa silinda, hasa ukiachia mafuta, ni cheni ya taimingi. Mlio mzito wa kugonga unaotoka chini, ule unaousikia mpaka kwenye vidole vya miguu, ni beringi za kranki, na hapo msafara umeishia.

Klachi ijaribu ukiwa juu yake. Ingiza gia ya mwisho mwendo ukiwa mdogo, vuta mafuta kwa nguvu. Injini ikipiga kelele na mwendo usiongezeke, pleti zimeisha. Kisha panda nayo kilima kwa gia ya pili. Gia ikiruka yenyewe, tatizo liko ndani ya gia boksi, na gharama yake ni injini nzima kufunguliwa.

Cheni: ishike nyuma kabisa ya jino kubwa, yaani sproketi ya nyuma, uivute kuelekea kwako. Ikiachana na sproketi mpaka uone nusu ya ncha zake, cheni na meno yote mawili vinabadilishwa pamoja. Ukiweka cheni mpya kwenye meno yaliyoinama kama pezi la papa, hutafika nayo mbali.

Kwenye fremu usitazame rangi. Tazama mahali rangi ni mpya peke yake. Pitisha kidole kwenye fremu ya nyuma inayoshika tairi, chini ya kiti, na pale keria ilipofungwa. Magunia huvunja hapo kwanza, na mchomeleo huwa chini ya rangi mpya. Chukua uzi mrefu, ubane kwenye ubavu wa tairi la nyuma, uuvute mpaka mbele kila upande usukani ukiwa umenyooka. Nafasi kati ya uzi na tairi la mbele iwe sawa kulia na kushoto. Isipolingana, legeza kwanza mawazo ya ajali kubwa: huenda ni ekseli ya nyuma tu haijanyooshwa baada ya kukaza cheni. Inyooshe, pima tena. Ikibaki vilevile, fremu imepinda. Spoku za nyuma zigonge moja moja kwa bisibisi. Iliyokaza inalia, iliyolegea inatoa sauti ya kufa. Tatu nne zilizolegea upande mmoja ni alama ya mizigo mizito.

Uliza pia ilikofanyia kazi. Iliyobeba samaki Mikindani, Msimbati au Kilwa imedondokewa na maji ya chumvi: inamisha kichwa uangalie chini ya madigadi ya nyuma, rimu kwa ndani na ekzosi kwa chini. Iliyobeba salfa huacha unga wa njano kwenye kona za chini ya kiti. Hapo fungua viunganishi vya nyaya, maana salfa huigeuza shaba kuwa nyeusi, na taa au plagi huanza kukatika bila sababu inayoonekana.

Kilometa za kwenye dashibodi usizitegemee, kebo huchomolewa kwa dakika moja. Bodaboda inayotembea kilometa 100 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, ina 30,000 kila mwaka. Miaka mitatu ni 90,000. Ukionyeshwa 28,000, linganisha na mpira wa kiki, wa gia na wa kukanyagia. Kama chuma kimeanza kuonekana, amini chuma. Umri wa usajili utaukadiria kwa herufi za namba: namba za MC hutolewa kwa mfuatano, kwa hiyo linganisha na pikipiki ambayo unajua ilisajiliwa mwaka gani.

Sasa karatasi, na hapa usiwe na haya hata kama muuzaji ni mtu wa kijijini kwenu. Kadi iwe halisi, si fotokopi. Namba ya fremu, iliyogongwa kwenye shingo chini ya usukani, na namba ya injini, iliyoko kwenye kasha la injini, zisomwe tarakimu kwa tarakimu dhidi ya kadi. Futa tope kwa petroli kwanza. Tarakimu zenye kina tofauti, au mahali palipopigwa msasa, usiendelee. Boxer ya Bajaj namba yake ya fremu huanza na MD2. Ikianza na L, fremu imetengenezwa China, hata tangi liandikwe Boxer.

Jina la kwenye kadi ndilo la mtu wa kuuza, na hakuna mwingine. Hatari kubwa kwenye bodaboda ni pikipiki ya mkataba: kijana anapeleka hesabu, yaani malipo aliyopangiwa, kwa tajiri mwenye pikipiki, mkataba haujaisha, anaiuza kama yake. Akikuambia "kadi iko kwa bosi," zungumza na bosi uso kwa uso, akiwa na kitambulisho chake. Kama kadi iko kwa taasisi ya mikopo, mlipane palepale ofisini kwao, upate barua kwamba deni limeisha. Kama mwenye jina amefariki, anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mtoto mkubwa au mjane bila hati hiyo hatoshi. Na pikipiki iliyovushwa kutoka ng'ambo ya Ruvuma bila usajili wa Tanzania, hata ikiwa nusu bei, iache. Forodha wakiikamata, unayepoteza ni wewe.

Angalia deni la faini za barabarani kwa namba ya usajili kwenye mfumo wa polisi, deni libaki kwake kabla hujalipa. Mkataba wa mauziano usainiwe mbele ya wakili, mkiwa na TIN na vitambulisho vya NIDA vya wote wawili, kisha mwende TRA kuhamisha umiliki, mkalipe ushuru wa stempu na ada. Kabla ya hapo toa kishika uchumba tu, tuseme 50,000, kwa maandishi yanayosema kitarudishwa kama namba hazilingani na kadi. Pesa iliyobaki ipite benki au kwenye simu, ibaki na kumbukumbu.

Akikuambia, "Chukua sasa, utanilipa magunia ya korosho msimu ukifika," kataa. Hiyo ni kangomba, ule ununuzi wa korosho nje ya mfumo rasmi, iliyovaa nguo nyingine. Imepigwa marufuku, na juu ya hapo inakufanya upange bei ya korosho yako Agosti wakati mnada haujafika. Lipa kwa shilingi.

Kesho nenda na fundi wako, si wake, ukamlipe fundi huyo ujira wa asubuhi moja bila kujali utanunua au la, ili asiwe na sababu ya kukusukuma ununue. Andika kila kasoro na bei yake kwenye karatasi, umwonyeshe muuzaji: "Kaka, pikipiki ni nzuri, lakini vitu hivi lazima nivinunue kesho, na jumla yake ni hii. Nina 1,370,000, au kiasi kile hesabu itakachotoa, na naweza kutoa kishika uchumba leo." Akikataa, mwachie namba yako ya simu na uondoke, kisha endelea kutazama nyingine: Newala, Nanyamba, hata Mtwara mjini. Zitafute hasa za mtu mmoja mmoja, kama walimu na wahudumu wa zahanati, ambazo hazikuwahi kupakia magunia. Mpigie tena baada ya wiki mbili. Malipo ya korosho yakianza kuingia hujapata iliyo ndani ya kikomo chako, usinunue Novemba kwa kuwa kila mtu ananunua. Omba hesabu ya pikipiki ya mtu, uendeshe msimu huu kwa hiyo, na akiba yako ikae mpaka Machi.